Programu nyongeza za bure: nani aeleze namna ya kuziondoa?

Programu nyongeza ni kipande kidogo unachoongeza kwenye kivinjari cha simu, kwa mfano uBlock Origin, inayozuia matangazo ndani ya Firefox. Mwanzilishi wake, Raymond Hill, hapokei hata michango. Je, tumdai pia maelezo ya kuiondoa? Kwa hii, hapana: Firefox yenyewe ina kitufe cha kuondoa, kwenye menyu ya nyongeza. (Orodha ulizojiwekea hufutika nayo, zihifadhi kwanza.)

Lakini nyongeza nyingine huacha mabaki. Za WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, zinaweza kuacha data hata baada ya kufutwa, mtengenezaji asipoweka amri za kusafisha. Hapo mistari miwili ya maelezo ni haki ya mtumiaji, hata kama kazi yenyewe ni ya kujitolea.