Walinzi wa Wimbo

Kila fani ina walinzi wake. Katika ushairi wa Kiswahili, tangu miaka ya 1970, wapo waliosimama langoni wakiwa na vina na mizani mkononi, na wapo waliotaka lango livunjwe. Ugomvi wa namna hiyo uliwahi kulitikisa Kanisa Katoliki huko Ujerumani, na walioshika zamu langoni walikuwa waimbaji.

Mwaka 1868, mjini Bamberg, padri Franz Xaver Witt, mzaliwa wa Bavaria, aliasisi Chama cha Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba. Papa Pius wa Tisa alikiidhinisha chama mwaka 1870, nacho kikaenea mijini na vijijini katika nchi za Wajerumani. Lililomuudhi Witt ni misa kuimbwa kama mchezo wa jukwaani: okestra zikivuma, mwimbaji akitamba kwa sauti yake, na sala ikipotea katikati ya shangwe. Hata misa za Haydn na Mozart hazikusalimika na lawama. Dawa yake ilikuwa ni kuurudia uimbaji wa Kigregoriani, pamoja na tungo za Palestrina wa karne ya 16, ambamo sauti husukana kama ukili.

Maneno hayo yalifuatwa na vitendo. Chama kilieneza majarida na noti, kikaweka na orodha ya tungo zilizopitishwa na wakaguzi wake. Mwaka 1874 Franz Xaver Haberl alifungua shule ya muziki wa kanisa mjini Regensburg. Hata kwaya ndogo zilipata nyimbo zilizolingana na uwezo wao.

Lakini kila orodha ina waliomo na walioachwa. Wengi walimwiga Palestrina wakaambulia mifupa isiyo na roho. Anton Bruckner alionesha njia nyengine. Mwaka 1879 alitunga Os justi, akamtunukia Ignaz Traumihler, mfuasi wa mwendo huo wa Sesilia. Ndani ya utungo huo hamna hata alama moja ya kupandisha au kushusha noti. Mtunzi alijifunga kamba, na humo kambani akaruka. Mshairi yeyote aliyewahi kupata beti njema ndani ya mizani ataielewa siri hiyo.

Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka ulioafiki mengi waliyoyapigania wafuasi wa Sesilia. Waraka huo ulikataza ngoma kanisani, ukawafungia wanawake mlango wa kwaya ya ibada. Miaka 60 ikapita. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa jadi katika nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayostahiki. Mwaka huohuo padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Leo ziko kwaya nyingi za Tanzania zenye jina la Mtakatifu Sesilia. Wanawake huimba humo, na ngoma hulia. Witt asingeyaridhia hayo. Hata hivyo, shauri lake kwamba neno la sala lisizamishwe na kelele lingali na faida kwa kwaya hizohizo, hasa pale vipaza sauti vinapozidi nguvu. Mlinzi ameshindwa katika suala la nani aingie. Katika suala la namna ya kuimba, bado anastahili kusikilizwa.