Kikapu cha Jeanne Jugan

Wanaume wa Saint-Servan, mji ulio jirani na bandari ya Saint-Malo huko Bretagne, Ufaransa, walikuwa watu wa bahari. Walikwenda kuvua hadi Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, na si wote waliorudi. Mjane aliyezeeka bila mtu wa kumtazama hakuwa na la kufanya ila kushika kikapu na kupita mlango kwa mlango. Jeanne Jugan aliijua hali hiyo tangu utotoni. Alizaliwa Cancale, pwani hiyohiyo, Oktoba 1792, na baba yake mvuvi alipotelea baharini yeye akiwa bado mdogo sana.

Alikula jasho lake kwa kazi za majumbani na hospitalini. Mwaka 1839, akiwa na miaka 47, alikuwa amepanga vyumba pamoja na Françoise Aubert, bibi aliyekwishavuka miaka 70, na Virginie Trédaniel, msichana yatima. Baridi ilipoanza alimleta nyumbani Anne Chauvin, ajuza kipofu, akambeba ngazini na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Jeanne akahamia darini. Haukupita muda akaja wa pili, Isabelle Cœuru, mtumishi aliyewahudumia mabwana zake hata walipofilisika, wakafa wakamwacha hana kitu.

Habari hiyo ya kitanda ndiyo inayosimuliwa zaidi makanisani. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye kidogo. Bibi hao walipoongezeka, mishahara ya Jeanne na wenzake haikutosha kuwalisha, na baadhi yao walitaka kurudi barabarani kuomba kama walivyozoea. Jeanne akawauliza: ni nani na nani waliokuwa wakiwapa? Akayakariri majina, akachukua kikapu, akaenda yeye. Kwa kila mlango alieleza kuwa bibi hatakuja tena, ila wasiache kutoa, maana sasa mwenye kupokea ni yeye. Kwa hatua hiyo moja aliwavua wazee aibu ya kuombaomba bila kuwapoteza wale waliokuwa wakiwasaidia. Masimulizi ya shirika lake yanasema mtu mmoja alimpiga kofi. Akamshukuru, akamwambia hilo kofi ni langu, sasa nipe kitu cha wazee wangu.

Mwaka 1841 walihamia kwenye nyumba iliyokuwa kilabu cha pombe, wakiwa na wazee 12. Mwaka uliofuata walinunua jengo la utawa wa zamani, na idadi ikazidi kupanda. Maisha ya humo hayakuwa ya kukaa na kungoja kifo. Mwenye nguvu alisokota nyuzi au alishona, na kilichopatikana kiliingia mfukoni mwa wote. Chakula kilikuwa chochote kilicholetwa na kikapu. Huko Angers, inasimuliwa, Jeanne alikuta wazee wakila mkate mkavu. Akaagiza chombo kitupu cha siagi kiwekwe mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, na siagi ikaletwa. Usadiki au usisadiki, hadi leo nyumba za shirika hili humwekea Yosefu sampuli ya kilichopungua ghalani.

Wanawake waliomfuata ndio wanaoitwa leo Masista Wadogo wa Maskini. Akademia ya Ufaransa ilimtunza Jeanne faranga 3,000 mwaka 1845, lakini ndani ya shirika alikuwa amekwishasukumwa pembeni. Desemba 1843 masista walimchagua tena kuwa mkuu wao. Padri Auguste Le Pailleur, aliyekuwa msimamizi wao, akaufuta uchaguzi kwa neno lake na kumweka mahali pake Marie Jamet, sista kijana wa miaka 23. Mwaka 1852 akamwondoa hata kwenye kazi ya kuomba. Jeanne aliishi miaka 27 katika nyumba kuu miongoni mwa wanovisi, yaani masista walio bado katika malezi, wasiojua kuwa bibi yule mwenye fimbo ndiye aliyeanzisha yote. Padri alijitangaza mwanzilishi, mpaka Roma ilipomwondoa mwaka 1890. Jeanne alikuwa amekwishafariki tangu 1879, akiwa na miaka 86, na masista wakiwa wapatao 2,400. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Mara moja tu katika miaka hiyo ya kufichwa sauti yake ilisikika. Mwaka 1865 shirika lilijadili kama lipokee urithi wenye mapato ya kudumu. Alipoulizwa, Jeanne alisema wakatae. Wakakataa, na wakaifanya sheria: hakuna mali ya kuzalisha faida.

Sheria hiyo imesafiri nao hadi Kasarani, Nairobi, kwenye makao yao yaitwayo Nyumba ya Wazee. Kwetu ni kawaida kusema kwamba kuwapeleka wazee kwenye makao ni tabia ya Wazungu. Msemaji huwa amemsahau jirani yake asiye na mtoto, au yule aliyewazika watoto wote. Masista huweka nadhiri nne; ya nne, juu ya tatu za watawa wote, ni ya ukarimu. Mzee akikata roho anakata akiwa na sista ubavuni, usiku au mchana, kwa zamu. Na kwa kuwa ghala halina akiba ya benki nyuma yake, masista huenda sokoni na kwenye makampuni kuomba mboga, unga, sabuni, chochote muuzaji atakachotoa, kisha hurudi jikoni kuamua kitapikwa nini.