Mti Una Mwenyewe

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Bandarini zilivunjika meli, zikiwemo za Sultani Barghash, lakini hasara iliyouma kwa miaka mingi ilikuwa ya mashambani, ambako mikarafuu na minazi ilianguka kwa wingi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mkarafuu mchanga hauzai vya kutosha mpaka upite miaka mingi. Mtu aliyelala tajiri aliamka na ardhi ileile, mipaka ileile, na mali hakuna.

Mali ilikuwa miti. Katika visiwa vyetu shamba lilielezwa kwa idadi ya mikarafuu na minazi iliyomo, na mti uliweza kuuzwa, kuwekwa rehani, kurithiwa au kufanywa wakfu peke yake, huku ardhi iliyoubeba ikibaki kwa mtu mwingine. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyechunguza umiliki wa ardhi Zanzibar mwishoni mwa enzi ya Waingereza, aliyaandika haya kwa kirefu katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1961. Miaka mitatu baadaye yakaja Mapinduzi, ardhi ikawa ya serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Hata hivyo, ile fikra ya kwamba mti una mwenyewe haikufutwa na amri yoyote. Bado ipo. Niliikuta Bububu, nyumbani kwa ami yangu, siku jirani alipokuja kulalamika juu ya mwembe.

Ni mwembe boribo, mkubwa, aliopanda marehemu bibi. Tawi lake moja lilikuwa limevuka ukuta na kulalia bati la jirani, juu ya chumba wanacholala watoto wake. Masika yalikuwa yanakaribia. Ami, ambaye kiwanja kimeandikwa kwa jina lake, aliona jambo ni jepesi: aitwe kijana mwenye msumeno wa injini, mti uende chini, mambo yaishe. Shangazi akasema kiwanja ni chako, mti ni wa mama. Akakumbusha kwamba kitovu chake kilizikwa chini ya mwembe ule. Warithi wa bibi ni wengi, nami ni mmoja wao kupitia fungu la marehemu baba, na kwa wiki nzima simu zilipigwa Wete, Dar es Salaam na Muscat kuulizana juu ya mti ambao wengine hawajala embe lake kwa miaka ishirini. Kisha kuna kibali: tulianzia kwa sheha, tukapelekwa kwa watu wa misitu. Kwa haraka aliyokuwa nayo ami, huo ulikuwa usumbufu mtupu. Kwangu mimi ilikuwa ni ile sheria ya zamani ya visiwa ikifanya kazi yake polepole, na sikuona vibaya.

Tulipokubaliana kwamba kitu lazima kifanyike, likabaki swali la nani apande.

Historia ya swali hilo haipendezi. Mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalipandwa na kuchumwa na watumwa. Mwaka 1897 utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba, karafuu hazikuacha kuiva, na kila msimu zilihitaji watu wa kupanda juu. Wengi walivuka kutoka Unguja na Tumbatu kwenda kuchuma Pemba kwa ujira wa pishi. Mkarafuu ni mti wa hatari. Unafika mita kumi na zaidi, matawi yake hukatika ghafla, na karafuu nzuri ziko kwenye ncha, pale ambapo tawi ni jembamba. Aliyechuma pishi nyingi alilipwa nyingi. Aliyeanguka alilipwa alizokwisha kuchuma. Mkwezi wa minazi naye alihesabiwa kwa mnazi: kamba yake, panga lake, shingo yake.

Nadhani ndiyo sababu mpaka leo tunamtazama mpanda miti kama mtu wa kupatana naye bei barabarani, wakati fundi wa umeme tunamwuliza amesomea wapi. Ujio wa msumeno wa injini umezidisha kosa hilo. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya misitu. Mjerumani Andreas Stihl alitoa msumeno wake wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, mizito kiasi cha kushikwa na watu wawili, na msituni mti huachwa uangukie unakoelekezwa. Uani hakuna kwa kuuangushia. Kuna ukuta, tangi la maji, waya wa umeme, na kuku wa watu. Ustadi wa uani unahusu kuteremsha, na huo haununuliwi pamoja na mashine.

Wa kwanza kuja alikuwa ndiye kijana wa ami. Alitazama mti akiwa bado juu ya pikipiki, akataja bei, akasema kesho asubuhi. Wa pili alikuwa mtu mzima, mkwezi tangu utoto, aliyejifunza msumeno ukubwani. Alizunguka shina mara mbili. Aligonga kwa mgongo wa panga akisikiliza, akachimbua udongo kidogo kwenye mizizi kutafuta uyoga na uozo. Akauliza: waya ule una moto? Chumba kile analala nani? Magogo ni ya nani? Halafu akamgeukia shangazi, ambaye hakuwa amesema neno, akamwuliza, “Bi mkubwa, mti huu mwenyewe ni nani?” Sijui alijuaje. Bei yake ilikuwa mara tatu ya kijana.

Akatueleza kwamba shina ni zima. Mgonjwa ni tawi: limetoboka ndani pale lilipowahi kukatwa vibaya zamani, kigutu kikaachwa, maji yakaingia. Hakukuwa na sababu ya kuua mti mzima. Tawi lingekatwa vipande vipande kuanzia nchani, kila kipande kimefungwa kamba iliyopitishwa kwenye panda ya juu, kikishushwa na watu wawili walio chini. Kila mkato huanzia upande wa chini ili uzito usichane ganda la shina, na wa mwisho hupita nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye kiungo cha tawi. Mkato huo wa mwisho una utetezi mkubwa wa kitaalamu: Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kutazama majeraha kwa ndani, akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi, huzungushia ukuta sehemu iliyoharibika na kuendelea kukua. Uvimbe ule ukikatwa, mti hupoteza kinga yake bora. Fundi wetu hakupata kumsikia Shigo. Alisema tu, “Hapo ndipo mti unapofumbia mdomo.”

Mabishano makali yalikuwa juu ya karatasi. Mimi nilitaka iandikwe nani atalipa bati likipasuka, na nani atabeba gharama za hospitali fundi au msaidizi wake akiumia. Ami alicheka, tangu lini mkwezi akaandikiwa mkataba? Fundi hakucheka. Alisema kaka yake alianguka kwenye mkarafuu Pemba, na waliomwajiri walimpelekea mchele. Tukaandika. Bati ni juu yake, hospitali ni juu yetu, warithi wote, kila mtu kwa fungu lake. Shangazi alitia saini wa kwanza.

Kazi ilichukua siku moja na nusu. Watoto wa jirani walihamishiwa kwa bibi yao, umeme ukakatwa, na kipande cha mwisho kiligusa ardhi saa saba mchana wa siku ya pili. Mwembe mkubwa ulionyooka hutafutwa na wachonga mitumbwi, lakini hili lilikuwa tupu ndani, limejaa vumbi la mchwa. Jirani alikuja akasimama mlangoni, akamwuliza ami kama anaweza kuchukua kuni. Ami akamwelekeza kwa shangazi.

“Chukua,” shangazi akasema. “Niachie hicho kigogo kifupi nikalie.”