Kapera Aliyeoa: Ndoa na Tabaka katika Kichekesho cha Francis Imbuga

Kichekesho cha ndoa hakieleweki barabara pasipo kuijua sheria ya ndoa ya wakati wake. Hoja hii yathibitishwa na tamthilia ya Francis Imbuga, The Married Bachelor, yaani Kapera Aliyeoa, iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1973.

Imbuga alizaliwa mwaka 1947 kijijini Wenyange, Maragoli, sehemu iliyokuwa katika Wilaya ya Kakamega kabla ya Vihiga kutengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ardhi ya Maragoli ilisongamana watu mapema, na wanaume wengi wakaenda mijini kutafuta kazi. Hivyo ikazuka familia ya maskani mawili: nyumba ya mtaani mjini, na boma la wazee mashambani. Denis, mhusika mkuu, ni mhadhiri wa chuo kikuu mwenye mwana aliyezaliwa nje ya ndoa, na baba anayeshikilia mila ya jando.

Jina la tamthilia ni kitendawili. Mbele ya karani wa serikali, mtu ama ameoa ama hajaoa. Kwa mila za Waluyia, ndoa haikufungwa kwa siku moja. Ilijengwa hatua kwa hatua, kwa posa, mahari na watoto. Kwa hiyo msomi aliweza kuwa kapera kwa cheti, na mume kwa wazee. Mkulima hakuwa na nafasi hiyo ya kuchagua. Hapo ndipo tabaka linapojitokeza.

Je, gharama ya kicheko hicho ililipwa na nani? Sheria ya mwaka 1959 ilimwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matunzo ya mtoto mahakamani. Bunge liliifuta mwaka 1969, miaka minne tu kabla ya tamthilia kuchapishwa. Miswada ya kuziunganisha sheria za ndoa nayo ilikataliwa mwaka 1976 na 1979.

Mwaka 1989 Imbuga aliitoa tamthilia upya, baada ya kuirekebisha, kwa jina The Burning of Rags. Alifariki mwaka 2012. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Ndoa ya 2014 iliipa ndoa ya kimila hadhi sawa na nyinginezo, na kutaka isajiliwe. Kitendawili kimeteguliwa vitabuni mwa serikali; mitaani bado kinachekesha, na bado kuna anayelia.