Chipu ya katriji ya printa iliyozipeleka kampuni mbili mahakamani

Uhandisi wa kinyume ni kuchukua kifaa au programu ya mtu mwingine, kuifungua na kuichunguza mpaka ujue inavyofanya kazi, bila kupewa mchoro. Mafundi wanafanya hivyo kila siku. Watengenezaji nao hawakai kimya, na mbinu yao moja ilizaa kesi kubwa Marekani.

Lexmark, kampuni ya printa ya jimbo la Kentucky, iliuza baadhi ya katriji kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba tona ikiisha mteja airudishe kwao, asiijaze. Sharti la kwenye boksi halimzuii mtu, basi ikawekwa chipu. Printa inapiga hesabu ya siri, chipu nayo inapiga yake. Majibu yasipolingana printa inagoma, hata kama tona imejaa tele.

Static Control ya North Carolina, iliyowauzia vipuri wajazaji wa katriji, ikaichunguza chipu hiyo na kutengeneza yake ya kuidanganya printa. Ndani iliweka nakala ya programu ya Lexmark ya kukadiria tona. Programu yenyewe kiduchu: toleo moja baiti 37, jingine 55. Jina la kesi hiyo peke yake ni refu kuliko hapo!

Desemba 2002 Lexmark ikashtaki, ikitumia pia sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda kazi zenye hakimiliki. Februari 2003 ikapata zuio. Oktoba 2004 mahakama ya rufaa ikalitengua. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: programu ya printa inaweza kusomwa moja kwa moja na yeyote aliyeinunua, kwa hiyo chipu ile ilikuwa kufuli la mlango wa nyuma kwenye nyumba ambayo mlango wa mbele hauna kufuli.

Mwaka 2017, katika kesi nyingine ya Lexmark, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji, iwe Marekani au nje, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha.

Chipu hazikuondoka. Siku hizi kizuizi kinaweza kuja kwa intaneti: printa iliyokuwa ikipokea katriji ya kujazwa inajisasisha, kesho yake inaikataa. Ikikutokea, kabla ya kumlaumu fundi angalia kama masasisho ya kiotomatiki yamewashwa.