Kazi Bila Ujira: Wanaojitolea katika Marathoni ya New York

Marathoni ya New York, inayokimbiwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, huwategemea watu wapatao 10,000 wasiolipwa ujira. Hao ndio wanaowapanga wakimbiaji alfajiri huko Fort Wadsworth, kisiwani Staten Island, wanaogawa maji barabarani, na wanaowavika medali waliomaliza ndani ya Central Park. Katika muda wa nusu karne, malipo ya watu hawa yamebadilika hatua kwa hatua. Mwanzoni walipewa shukrani na chakula, baadaye fulana na koti, na hatimaye kitu kilicho adimu kuliko vyote katika mbio hizo: nafasi ya kuzikimbia.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko mbio za New York. Tarehe 19 Aprili 1897, chama cha riadha cha Boston kiliandaa marathoni yake ya kwanza. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 10, na mshindi alikuwa John McDermott. Kwa idadi hiyo, marafiki, wanachama na wasindikizaji wa baiskeli waliobeba maji walitosha kabisa. Hata miaka hamsini baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Will Cloney, mwandishi wa habari za michezo, alizisimamia mbio za Boston kuanzia 1947 hadi 1982 bila mshahara, huku mwenzake Jock Semple akishughulikia fomu za kujiandikisha kutoka chumba chake cha kuchua misuli katika jengo la Boston Garden. Aliyemaliza mbio alipewa bakuli la mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Kanuni za riadha ya ridhaa zilimkataza mwanariadha kupokea fedha, kwa hiyo mkimbiaji, mwandaaji na mgawa maji walikuwa sawa: hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Huko New York kazi hiyo ilianza na klabu ndogo. Mwaka 1958 wakimbiaji 47 waliunda chama cha mbio za barabarani, ambacho leo kinaitwa New York Road Runners. Rais wake wa kwanza alikuwa Ted Corbitt, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeiwakilisha Marekani katika marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Mchango wake mkubwa haukuonekana siku ya mbio. Mwaka 1964 Corbitt alitoa kitabu kuhusu upimaji sahihi wa njia za mbio kwa gurudumu la baiskeli. Mpimaji huendesha kwanza kwenye kipande cha barabara ambacho urefu wake unajulikana, akahesabu mizunguko ya gurudumu, kisha hupita njia nzima akifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na mwishowe hupiga hesabu. Kazi hiyo hufanywa barabara zikiwa tupu. Katika miaka hiyo ilifanywa na wanachama wenyewe, wakitumia muda wao na baiskeli zao.

Tarehe 13 Septemba 1970 klabu hiyo iliandaa marathoni ya kwanza ya New York, iliyozunguka ndani ya Central Park. Waandaaji wakuu walikuwa Vince Chiappetta na Fred Lebow, mzaliwa wa Romania aliyefanya biashara ya nguo. Bajeti ilikuwa dola 1,000 na ada ya kushiriki dola moja. Walioanza walikuwa 127 na waliomaliza 55, wa kwanza akiwa Gary Muhrcke, mfanyakazi wa zimamoto. Zawadi zilikuwa saa za bei ndogo pamoja na vikombe vilivyowahi kutolewa katika michezo mingine. Waliosaidia siku hiyo walifahamiana kwa majina, na wengi wao walikuwa wakimbiaji ambao wiki nyingine wangehudumiwa na wenzao. Ulikuwa ushirika wa zamu: leo wewe, kesho mimi.

Ushirika huo ulielemewa mwaka 1976, mbio zilipotolewa bustanini na kupitishwa katika wilaya zote tano za jiji. Wazo hilo, lililotolewa na George Spitz, liliungwa mkono na Percy Sutton, kiongozi wa wilaya ya Manhattan, na familia ya Rudin ikatoa dola 25,000. Wakimbiaji walioanza walifika 2,090, na Bill Rodgers akashinda. Njia ilikuwa imetandazwa juu ya madaraja na mitaa ya kilomita 42, na kila njia panda ilihitaji mtu wa kuilinda. Wanachama wa klabu hawakutosha tena. Waandaaji wakaanza kuwaita watu ambao hawajawahi kukimbia: vikundi vya makanisa, wanafunzi, wafanyakazi wa mashirika, madaktari na wauguzi, pamoja na wapenzi wa redio za mawasiliano, ambao walipeleka taarifa kutoka kituo hadi kituo kabla simu za mkononi hazijaenea.

Kazi ya kwenye meza za maji, ingawa huonekana rahisi, ina ufundi wake. Vikombe vya karatasi hujazwa maji nusu tu, hupangwa mezani vikabanana, halafu kadibodi hulazwa juu yake na safu nyingine ikapangwa juu ya kadibodi, kwa sababu wakimbiaji wakianza kufika hakuna nafasi ya kumimina. Mgawaji hunyoosha mkono na kushika kikombe kwa ncha za vidole, ili mkimbiaji akidake bila kusimama. Nyuma yao husimama wenye reki wakikusanya vikombe vilivyotupwa, maana lami iliyofunikwa na karatasi zilizolowa huteleza. Meza za namna hiyo hurudiwa karibu kila maili kuanzia maili ya tatu, na kila kituo kinahitaji makumi ya watu kwa saa nyingi.

Kuhesabu waliomaliza kulikuwa kazi ngumu zaidi. Kabla ya mitambo, wakimbiaji waliingizwa katika vichochoro vya kamba wakafuatana mmoja mmoja. Kipande cha namba ya kifuani kilikatwa na kuwekwa kwa mpangilio, huku mtu mwingine akisoma saa. Mbio zote zilitegemea macho ya watu hawa, na udhaifu huo ulifichuliwa na Rosie Ruiz. Mwaka 1979 aliorodheshwa miongoni mwa waliomaliza New York ingawa hakukimbia njia yote, na kwa muda alioandikiwa akapata sifa ya kushiriki Boston. Mwezi Aprili 1980 alivuka mstari wa Boston wa kwanza kwa upande wa wanawake, lakini watu waliokuwa njiani hawakukumbuka kumwona. Ushindi ulifutwa, Jacqueline Gareau wa Kanada akatangazwa mshindi, na baada ya hapo waandaaji waliongeza ukaguzi wa njiani. Katika miaka ya 1990 vilikuja vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye kiatu. Boston ilivitumia katika mbio zake za 100 mwaka 1996. Wasoma saa walipungua, lakini kwa kuwa kuhesabu kumekuwa rahisi, mbio ziliweza kupokea watu wengi zaidi, na meza za maji zikaongezeka.

Wakati huohuo fedha iliingia upande mmoja wa mbio. New York ilianza kutoa zawadi za fedha waziwazi mwaka 1984, na Boston mwaka 1986 baada ya kupata udhamini wa kampuni ya bima ya John Hancock. Wanariadha wa Afrika Mashariki walifika kipindi hichohicho. Ibrahim Hussein wa Kenya alishinda New York mwaka 1987, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka uliofuata alishinda Boston akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja. Ikangaa naye alichukua New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na mwaka 1994 Tegla Loroupe alishinda kwa upande wa wanawake. Kwao mbio zilikuwa kazi yenye kipato, kama ilivyokuwa kwa mawakala, watangazaji na waajiriwa wa klabu, ambayo sasa ilikuwa na ofisi na watumishi wa kudumu. Wagawa maji tu ndio waliobaki katika utaratibu wa zamani wa ridhaa.

Shukrani tupu hazikutosha kuwavuta watu elfu kumi, na hapo zawadi za vitu zikashamiri. Kila anayejitolea hupewa vazi linalomtambulisha na chakula cha siku hiyo. Boston ilifika mbali katika jambo hili: koti la wanaojitolea hubadilishwa kila mwaka, huonyesha mwaka wake, na haliuzwi dukani, hivyo wapo wanaorudi miaka nenda miaka rudi wakikusanya makoti kama wakimbiaji wanavyokusanya medali. Miji minane ambayo mbio za Boston huipitia hupewa pia nafasi za kukimbia, nayo huzigawa kwa utaratibu wake.

Nafasi hizo ndizo zilizobadilisha kila kitu huko New York. Wanaotaka kukimbia wamekuwa wengi mno kuliko barabara inavyoweza kubeba: mwaka 2024 waliomaliza walizidi 55,000, na maombi ya bahati nasibu ya mbio za 2025 yalizidi 200,000. Klabu ilikuwa na njia ya kuwazawadia wanachama wake kwa kuwahakikishia nafasi wale waliokimbia mbio zake tisa ndogo ndani ya mwaka mmoja. Baadaye iliongeza sharti la kujitolea mara moja katika tukio mojawapo, na utaratibu ukaitwa tisa jumlisha moja. Anayetimiza masharti yote mawili hupata nafasi katika marathoni ya mwaka unaofuata bila kupita kwenye bahati nasibu.

Kwa waandaaji, utaratibu huu ulitatua tatizo la zamani. Mbio ndogo za asubuhi ya Februari, zenye baridi kali na zisizo na watazamaji, zilikuwa ngumu kupata wasaidizi. Sasa zamu zake hujaa haraka mara zinapotangazwa. Kwa mkimbiaji, hesabu ni tofauti. Analipa uanachama, analipa ada ya kila moja ya mbio tisa, anatoa siku ya kazi, na bado nafasi anayoipata ni haki ya kuingia tu, kwani ada ya marathoni yenyewe huilipa kama wengine. Klabu iliruhusu pia mwanachama aliyekimbia mbio tisa kuchangia dola 1,000 badala ya kujitolea. Hivyo zamu iliyoitwa ya hiari ilipata bei inayojulikana.

Sheria za Marekani zinaligusa jambo hili. Sheria ya ujira wa haki ya mwaka 1938 haimruhusu mwajiri wa biashara kutumia watu bila kuwalipa kwa kuwaita wanaojitolea, ingawa mashirika ya hisani yana uhuru zaidi. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya taasisi ya kidini ya Tony na Susan Alamo, iliamua kwamba watu waliofanya kazi katika biashara za taasisi hiyo kwa kutarajia chakula, mavazi na makazi walikuwa wafanyakazi, hata kama wenyewe walijiita wa kujitolea. Mwaka 2014 hoja hiyo ilifikishwa katika ulimwengu wa mbio, pale mtu aliyejitolea mjini St. Louis alipoishtaki kampuni iliyomiliki mfululizo wa mbio za Rock 'n' Roll, akidai kwamba kampuni ya faida haina haki ya kupata nguvu kazi ya bure. Klabu ya New York imesajiliwa kama shirika lisilo la faida, na hilo huiweka katika nafasi tofauti kisheria. Bado swali linabaki pale ambapo kazi hufanywa kwa ajili ya kitu chenye thamani.

Mbio nyingine zimechagua njia zao. Western States, mbio za maili 100 katika milima ya California, hupokea wakimbiaji wapatao 369 wanaohudumiwa na watu wapatao 1,500, na kila mkimbiaji hutakiwa kuthibitisha kwamba ametoa saa nane za kazi ya kujitolea. Hapo kazi ni sharti kwa wote. Parkrun, iliyoanzishwa na Paul Sinton-Hewitt tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, kwa wakimbiaji 13 na wasaidizi watano, haitozi ada kabisa. Anayejitolea huko hutambuliwa kwa idadi ya zamu zake, na akifikisha 25 huingia katika kundi lenye fulana ya zambarau. Kwa kuwa hakuna nafasi ya kugombania, hakuna pia cha kubadilishana na kazi.

Uzito wa wanaojitolea ulionekana zaidi siku mbio zilipoharibika. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kiliipiga New York siku chache kabla ya marathoni, na mbio zikafutwa Ijumaa, siku mbili kabla ya kuanza. Jumapili ile wakimbiaji wengi walivuka kwa kivuko hadi Staten Island wakiwa na mahitaji ya waathirika. Waliojiandikisha walipewa uchaguzi wa kurudishiwa ada au kukimbia katika mojawapo ya miaka mitatu iliyofuata. Nafasi iliyopatikana kwa kujitolea ikawa deni ambalo klabu ililazimika kulilipa. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia wa Boston, yakaua watu watatu na kujeruhi zaidi ya 260. Hema la tiba lilikuwa jirani, limejaa madaktari na wauguzi waliokuja kutibu malengelenge na upungufu wa maji mwilini. Dakika hiyohiyo wakaanza kufunga damu, na majeruhi wote waliofikishwa hospitali wakiwa hai walipona.

Bajeti ya dola 1,000 ya mwaka 1970 imekuwa shughuli ya mamilioni, saa za mkononi zimeondolewa na vifaa vya kielektroniki, na washindi hulipwa. Kugawa maji, kuokota vikombe, kulinda njia panda na kuvika medali bado ni kazi za mikono, na bado hazilipwi fedha. Zinalipwa kwa koti, kwa fulana, na huko New York, kwa nafasi ya kusimama mwaka unaofuata upande wa pili wa meza.