Yamaha Tracer 9 GT+: Pikipiki yenye rada, lakini breki bado ni yako

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya silinda moja yenye ujazo wa cc 100 hadi 150. Yamaha Tracer 9 GT+ kutoka Japani ina silinda tatu na ujazo wa cc 890, na nguvu farasi 119. Ni pikipiki ya kasi iliyotengenezwa kwa safari ndefu za lami: dereva hukaa wima, mbele ana kioo cha kukinga upepo, na ubavuni pana sehemu za kufungia masanduku ya mizigo.

Ilitoka wapi?

Mwaka 2015 iliitwa MT-09 Tracer, ikiwa na cc 847. Mwaka 2021 injini iliongezwa hadi cc 890. Mwaka 2023 likaja toleo la GT+, lenye rada mbele.

Rada inafanya kazi gani?

Rada hutuma mawimbi yanayogonga chombo kilicho mbele na kurudi. Kompyuta hupima umbali uliopo kati yenu. Ukiwa umeweka mwendo usiobadilika, pikipiki hupunguza kasi yenyewe gari la mbele likipunguza, kisha huongeza njia ikifunguka.

Ukisogea karibu mno, onyo hutokea kwenye dashibodi. Ukishika breki kidogo kuliko inavyohitajika, mfumo huongeza nguvu na kuigawa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Kifaa kingine hupima pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona, ili breki zisifunge gurudumu na kukuangusha.

Usipogusa breki, mfumo huo wa kuongeza nguvu haufanyi kazi. Haukufungi breki za dharura kwa niaba yako.

Nini kipya mwaka 2025?

Toleo jipya halina mkono wa klachi wala pedeli ya gia. Gia hujibadilisha zenyewe, au dereva hubonyeza vitufe kwenye usukani. Rada ya pili, iliyo nyuma, humwonya kuhusu gari lililo mahali ambapo vioo havioni. Taa za mbele nazo hupunguza sehemu ya mwanga ili kutomwumiza macho anayekuja.

Kwa asiye na rada

Kinachopimwa na rada hiyo, dereva yeyote anaweza kukipima kwa kuhesabu. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, pikipiki husafiri mita 22 kila sekunde. Gari la mbele likipita nguzo au mti, anza kuhesabu sekunde. Ukifika hapo kabla ya sekunde mbili, uko karibu mno: rudi nyuma. Barabara ikiwa na matope au mvua, au ukiwa umebeba abiria, ongeza ziwe nne.